Shangazi Milele na Leseni Iliyokwenda Ba

Jina lake la ubatizo ni Mereoni Qalivere, lakini katika karakana ya kudarizi ya akina Solanki, mjini Lautoka, Fiji, jina hilo hutumika siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote yeye ni Shangazi Milele. Alilipata mwaka ule wakala wa programu alipokuja kutoka Suva na mkoba mweusi na tabasamu la kuwatosha watu kumi. Wakala alikuwa akimweleza mwenye karakana, Bibi Kokilaben Solanki, kwamba leseni ya programu ya kuchorea nembo hulipiwa mara moja tu. Ukishatoa dola elfu nne na mia nane, ni yako milele. Mereoni, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa mashine ya tatu na hakuulizwa neno, alizima mashine yake, akafuta mikono, akasogea.

“Bwana,” akasema, “mchungaji wetu naye hutuahidi uzima wa milele kila Jumapili. Lakini una masharti, na masharti yenyewe yameandikwa, tunayasoma. Ya kwako yako wapi?”

Mafundi waliangua kicheko. Wakala naye alicheka, kisha akagundua kwamba mwanamke yule hacheki, ikambidi atoe mkataba. Mereoni aliusoma wote, kurasa kumi na nne, akiwa amesimama, huku chai ya wakala ikipoa. Mwisho akataka sentensi moja iongezwe kwa kalamu na kutiwa saini: kwamba haki ya kuitumia programu haitakoma hata siku ambayo kampuni itaacha kuiuza. Ikaongezwa. Tangu hapo hakuna karatasi ya programu iliyoingia katika karakana ile bila kupita mikononi mwake, na isipokuwa Kokilaben, hakuna aliyekumbuka tena kumwita kwa jina lake.

Sasa ana miaka hamsini na minane. Ni mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ndogo na miwani iliyofungwa kwa uzi wa kudarizia. Huimba sauti ya pili katika kwaya, hupenda samaki wa tui la nazi kuliko chakula kingine chochote, na hana papara. Alielewa mapema jambo ambalo wengi hawalielewi mpaka limewaumiza: kwamba anayenunua leseni ya kudumu hanunui programu yenyewe, bali ananunua ruhusa ya kuitumia bila kikomo cha muda, katika kompyuta chache zilizotajwa. Ya kwao iliruhusu kompyuta mbili. Masasisho yalilipiwa mbali, kila mwaka, na Kokilaben aliacha kuyalipa baada ya miaka mitatu kwa sababu, alivyosema mwenyewe, nembo ya shule ni nembo ya shule, haihitaji toleo jipya.

Mambo yakaenda hivyo hadi Januari hii, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa.

Jumanne asubuhi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaondoka na kompyuta kubwa ya ofisini. Haikutoa hata mlio. Nimesh, mwana wa Kokilaben, kijana wa miaka thelathini aliyerudi kutoka Auckland mwaka uliotangulia, alinunua nyingine siku hiyohiyo. Faili za nembo zilikuwa salama, kwani Mereoni huzinakili kila Ijumaa. Wakaiweka programu ya zamani, ikakubali. Mereoni akaandika namba ya leseni, tarakimu ishirini na tano, akabonyeza. Kioo kikajibu: nafasi zote mbili zimetumika.

Shule tisa zilikuwa zikisubiri nembo zao. Tatu kati ya hizo zilikuwa zimebadilisha rangi. Bila programu hiyo hakuna nembo inayoweza kurekebishwa wala kutumwa mashineni, na mashine nne za kudarizi zilisimama kimya, kila moja na sindano zake kumi na mbili, mafundi wakizitazama.

Nimesh alimpigia wakala. Jumatano saa sita mchana jibu lilifika kwa barua pepe, na mkataba umeambatishwa: kampuni haiuzi tena leseni za kudumu. Kuiachilia nafasi ya kompyuta iliyokufa kunawezekana, lakini uchunguzi huchukua siku kumi za kazi. Kuna njia ya haraka: leseni ya kulipia kila mwezi, kompyuta tatu, mkataba wa miaka mitatu, kwa bei ya punguzo inayokoma leo saa kumi na moja jioni.

“Tusaini tumalize,” alisema Nimesh. “Mama, hebu fikiria. Tunalipa kidogo kidogo. Toleo jipya kila likitoka ni letu. Kompyuta ikifa asubuhi, kabla ya chai tumeshaingia kwenye nyingine. Kama tungekuwa nayo jana, leo mashine zingekuwa zinaunguruma.”

“Hapo amesema kweli,” Mereoni alikiri.

“Umeona! Hata Shangazi Milele amekubali. Andikeni tarehe ukutani.”

“Nimekubali hapo. Sijafika ukurasa wa tisa.”

Urmila, fundi wa mashine ya kwanza, alikuwa ameegemea mlango akikunja kitambaa. Baba yake alikuwa mkulima wa miwa karibu na Tavua, katika ardhi ya kukodi, mpaka muda wa kukodi ulipokwisha. “Mimi nauliza kitu kimoja tu,” alisema. “Sisi tulilima miaka thelathini. Mkataba ulipoisha tulitoka na masufuria na mbuzi wawili. Nyumba aliyojenga baba, bomba la maji, miwa iliyokuwa inachipua, vyote tuliviacha palepale. Sasa hii nayo ni ya kukodi. Siku tukishindwa kulipa, nembo zetu zinabaki kwa nani?”

“Didi, dada yangu, hizi ni faili, si mashamba,” alisema Nimesh.

Lakini Mereoni alikuwa tayari amefungua kurasa za mwisho za mkataba, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kikasimama. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesomea darasa. Kwanza, mteja anayechukua bei ya punguzo anaisalimisha leseni yake ya kudumu, nayo haitarejeshwa. Pili, faili zikishahifadhiwa kwa toleo jipya hazifunguki tena katika toleo la zamani. Tatu, malipo yakikoma, programu haifunguki.

Nembo zilikuwa mia sita na kumi na mbili. Kokilaben alianza kazi ile na marehemu mumewe wakiwa na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu. Kila shule, kila timu ya raga, kila kanisa lenye kwaya kutoka Nadi hadi Rakiraki lilikuwa na nembo yake mle ndani. Kusaini kulikuwa na maana kwamba kuanzia siku hiyo, kazi ya maisha yake ingefunguka kwa ruhusa ya mwezi hadi mwezi.

“Leseni yetu inaruhusu kompyuta mbili,” alisema Kokilaben. Ni mwanamke asiyepaza sauti, na kwa hiyo husikilizwa. “Moja ni ile iliyokufa. Ya pili iko wapi, Mere?”

Mereoni alivua miwani. Kwa miaka miwili alikuwa amelitazamia swali hilo.

“Ya pili iko mjini Ba, Ben,” alisema, akimwita ‘dada’ kwa Kigujarati kama siku zote.

“Ba?”

“Kwa Viliame. Mtoto wa mjomba wangu. Alikuja kuniomba.”

Hapakuhitajika maelezo zaidi, kwa maana hakuna aliyekulia Fiji asiyejua uzito wa kerekere. Jamaa anapokuja akaketi chini akaomba, iwe sufuria, shati au mashine ya kukatia majani, humnyimi. Na ukishatoa, huendi kudai urudishiwe. Viliame Nasedra alikuja na kuketi chini. Alikuwa ameanza kudarizi jezi za timu za vijijini, hana programu, na alikuwa amesikia kwamba binamu yake analinda leseni ya kompyuta mbili ambayo inatumika katika moja. Mereoni alikuwa ameisoma sentensi inayokataza leseni kutoka nje ya karakana. Aliielewa vizuri. Lakini nafasi ile ilikuwa imekaa bure, kama chungu kilichofunikwa, na mtoto wa mjomba alikuwa amekaa mkekani. Akampa namba.

“Ulinificha,” alisema Kokilaben.

“Nilikuficha.”

“Wewe! Uliyesoma kurasa kumi na nne umesimama!” Nimesh alishika kichwa, nusu kwa hasira, nusu akizuia kicheko.

Kokilaben alitazama saa ya ukutani. “Kutoka hapa hadi Ba ni muda gani?”

“Saa moja, mvua isipozidi.”

“Nina shule tisa. Nisipopata habari, saa kumi na nusu nasaini. Nimesh, toa gari.”

“Si ampigie tu simu? Abonyeze kitufe, basi!”

“Kwa simu nitakuwa namnyang'anya,” alisema Mereoni, akiwa tayari anatafuta viatu. “Kitu kilichotoka kwa kuombwa kinarudi kwa kuombwa. Tupitie sokoni, tununue yaqona.”

Walipotoka sokoni na fungu la yaqona, mizizi mirefu ya kinywaji kinachotangulia kila ombi la heshima, limelala kiti cha nyuma kama abiria, ilikuwa saa saba imepita. Mvua ilinyesha kwa vishindo: inamwagika, inakoma, inamwagika tena. Miwa michanga ililala pande zote mbili za barabara ikimetameta. Nimesh aliendesha kwa kasi, na Mereoni, ambaye kwa kawaida hukemea kasi, alikuwa ameinama mbele kana kwamba analisukuma gari kwa kifua. Alikuwa na aibu, naam, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine chepesi chenye kuchangamka, kama cha mtoto anayeteremka mlima mbio na hawezi tena kusimama.

“Na akikataa?” aliuliza Nimesh.

“Hawezi kukataa.”

“Na wewe hukuweza kukataa. Sasa nani katika ukoo wenu anaweza kukataa?”

“Hakuna. Ndiyo maana hatuna matajiri.”

Nimesh alicheka mpaka akakaribia kupita njia panda.

Viliame alikuwa na banda la mabati nyuma ya nyumba yake, na ndani yake mashine moja ya sindano sita iliyokuwa ikipiga kazi. Jezi za bluu zilijaa kila mahali. Alikuwa mtu mrefu mwenye kitambi na sauti ya kuita ng'ombe. Alipomwona binamu yake akiruka madimbwi, aliinua mikono juu.

“Mungu wangu! Lautoka wamemchoka, wamenirudishia! Mere, nani kakufungulia mlango wa makumbusho?”

“Nyamaza, pipa wewe. Nilitaka kuona kama bado unaingia kwenye shati.”

“Shati linaingia kwangu. Karibu, karibu. Na huyu kijana ni dereva au umeolewa tena?”

“Ni mtoto wa bosi wangu, na ana haraka kuliko adabu. Keti chini, Vili. Nimekuja na maneno.”

Viliame akaliona lile fungu mikononi mwake. Utani ukamtoka usoni palepale. Akazima mashine, akatandika mkeka kati ya marundo ya jezi, akaketi. Mereoni aliketi mbele yake, akaliweka fungu la yaqona kati yao, akasema maneno yanayostahili, bila kuruka hata moja, huku Nimesh akikodolea macho simu yake: saa tisa kasorobo. Aliyataja majina ya baba zao. Aliomba radhi kwa kuja bila taarifa. Kisha akasema:

“Nakuja kwako kuomba. Naomba ile nafasi ya leseni iliyo katika kompyuta yako. Kwetu mashine nne zimelala, na watoto wa shule tisa hawana nembo. Ni ombi dogo la ndugu yako.”

Viliame aliligusa fungu, akapiga makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa. Ombi lilikuwa limepokelewa. Kisha akazitazama jezi za bluu, na sura yake ikawa ya mtu aliyeezuliwa paa.

“Limepokelewa, Mere. Chukua. Lakini nina jezi arobaini za Jumamosi, na baada ya hapo mashindano ya Machi. Mimi nitafanya nini?”

Hapo ndipo Nimesh alipotarajia kwamba wataondoka mbio. Shangazi Milele hakuondoka. Alivaa miwani.

“Kwa mwaka, unadarizi miezi mingapi?”

“Mitatu. Minne, timu zikiwa na pesa. Miezi mingine nalima.”

“Na umehifadhi nembo ngapi?”

“Sihifadhi. Kila mwaka timu zinataka mnyama mpya. Mwaka jana papa, mwaka huu jogoo.”

“Basi wewe ndiye mtu wa leseni ya mwezi,” alisema, na sauti yake ndogo ikapanda kwa furaha, kama mtu aliyepata kipande cha mwisho cha fumbo. “Vili, sikiliza! Unalipa mwezi wenye kazi, unaacha mwezi wa kulima. Usichukue ya mwaka. Usichukue yenye neno ‘punguzo’. Kuna moja ya mwezi mmoja mmoja, dola tisini na tano, imeandikwa chini kabisa ya mkataba waliotuletea, kwa herufi za sisimizi. Ukiacha kulipa inajifunga, lakini wewe una nini cha kufungiwa? Jogoo? Sisi tuna nembo mia sita, ndiyo maana tunang'ang'ania ya kudumu. Na itakuwa kwa jina lako mwenyewe. Hutakuwa tena mtu anayepika kwa chungu cha jirani.”

“Dola tisini na tano,” Viliame alirudia, akihesabu jezi kwa macho. “Jezi nne tu zinalipa hiyo.” Akamgeukia Nimesh. “Siku zote huongea hivi?”

“Siku zote,” alisema Nimesh. “Leo ndiyo kwanza nimesikiliza.”

Kwanza wakatuma faili ya jogoo mashineni, ili jezi za Jumamosi ziwe salama. Saa tisa na nusu Viliame alifungua ukurasa wa leseni, akabonyeza neno “Achilia”. Kiduara kikaanza kuzunguka. Mvua ikapiga mabati kwa nguvu hata wakawa wanasemeshana kwa ishara. Kiduara kikazunguka. Kikasimama: hakuna mtandao.

“Mvua ikija unaondoka,” alipiga kelele Viliame. “Kule barazani kwa shemeji unashika!”

Wakainyanyua kompyuta. Viliame alibeba boksi kifuani, Nimesh kioo, na Mereoni akawafunika wote wawili kwa turubai akirudi kinyumenyume, akiwaongoza kama wabeba jeneza waliokosea njia. Majirani walitoka kutazama. Shemeji, aliyekuwa akimenya muhogo, alisogeza beseni bila kuuliza swali na kuwaonyesha soketi. Saa kumi kasoro dakika tano. Saa kumi na dakika tano. Kompyuta iliwaka, ikawaza, ikafunguka. Viliame akabonyeza. Kiduara kikazunguka mara moja, mara mbili, kikapotea, na maandishi ya kijani yakatokea: nafasi moja imeachiliwa.

“Piga! Piga!” Mereoni alimtikisa Nimesh bega.

Urmila alipokea kabla ya mlio wa pili. Mereoni alimsomea tarakimu ishirini na tano bila kutazama karatasi, moja baada ya nyingine, na Urmila akazirudia. Barazani shemeji alishika kisu hewani.

“Dada,” ilisema sauti ya Urmila. “Dada, imefunguka! Naiona nembo ya shule ya masista! Naona zote! Ben yuko hapa, anainuka, anakuja… anataka kuongea.”

“Mere,” ilisema sauti ya Kokilaben.

“Ndiyo, Ben.”

“Nilikuwa nimeshashika kalamu.” Kalamu ikasikika ikitua mezani. “Kesho tutazungumza juu ya kunificha. Leo rudini taratibu, barabara imelowa.”

Nyuma yake mashine ya kwanza ilisikika ikianza kuunguruma, kisha ya pili. Viliame alimnyanyua binamu yake kutoka ardhini, jambo ambalo si jepesi kwa mwili wake ulivyo, na Mereoni akampiga kichwani kwa miwani huku akicheka hadi machozi yakamtoka.

Mazungumzo ya kesho yake yalikuwepo, mlango ukiwa umefungwa, na yalidumu dakika ishirini. Mereoni aliandika barua kwa kampuni akieleza bila kuficha kwamba nafasi moja ilikuwa imetumika nje ya karakana kwa miaka miwili, na kwamba imeachiliwa. Alisaini jina lake la ubatizo. Jibu lilikuja la mistari mitatu, likimwonya na kumshukuru, na siku kumi baadaye nafasi ya kompyuta iliyokufa ikarudishwa pia. Kwa majuma mawili ya msimu wa shule, wakiisubiri nafasi hiyo, Nimesh alipendekeza waongeze leseni ya mwezi mmoja katika kompyuta ya pili, kwa kuandaa oda tu, nembo zenyewe zisiguswe humo. Alimletea Shangazi Milele masharti ayasome kabla hajamwonyesha mama yake. Aliyasoma, akakuta sentensi inayosema malipo yatajirudia yenyewe, akamwonyesha kitufe cha kuyazima, na akakubali.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Jumatano ile walifika Lautoka jua likiwa limetoka tena, na barabara inafuka mvuke. Ndani, mashine nne zilipiga kwa pamoja, na nembo za kwanza, za shule ya masista, zilikuwa zimerundikwa kwenye sinia, kila moja na vinyuzi vilivyobaki vikining'inia nyuma. Mafundi walikuwa wakiongea wote kwa wakati mmoja. Mereoni hakuvua hata kandambili zenye tope. Alivuta kigoda, akachukua mkasi mdogo, akaanza kukata vinyuzi, nembo baada ya nembo, akizipanga kumi kumi na kuzifunga kwa mpira. Alipofika ya mwisho aliigeuza mbele, akaipitishia kidole kuona kama kuna fundo, akakata uzi mmoja uliokuwa umejificha chini ya msalaba, akaifunga pamoja na zile tisa.